Kabla Useme Kontroli za Gemu ya Zamani ni Mbovu, Ipe Masaa Mawili

Kama umekulia kwa PES halafu siku moja ukapewa FIFA, unajua vile vidole vinaweza kukuaibisha. Umebaki wewe na kipa tu. Unabonyeza mraba upige shuti, na straika wako anapiga krosi inayoenda kwa mashabiki. Watu kwa benchi wanakucheka mpaka mwisho wa mechi. Kwa PES, mraba ndio shuti na duara ndio mpira mrefu. Kwa FIFA, ukiiacha vile imekuja, mambo yamegeuzwa: duara ndio shuti, mraba ndio krosi. Hata waliotengeneza FIFA walijua hii shida, ndio maana waliweka mpangilio wa pili ndani kwa wale wametoka upande ule mwingine.

Sasa msikize mtu wa PES na mtu wa FIFA wakibishana. Kila mmoja anaapa mpangilio wake ndio wa kawaida. Muulize mbona shuti iwe mraba, hana jibu. Alianza hivyo, basi. Wewe pia ulianza mahali, na vidole vyako vikaamua hapo ndio nyumbani.

Nimeanza na mpira kwa sababu hapo wote mnanielewa. Lakini tukitoka kwa mpira tunasahau haraka sana. Mtu anafungua gemu ya 1996, dakika tano zinaisha, anatoka akisema "kontroli takataka, watu walikuwa wanavumilia aje?" Hiyo sentensi nimeisikia kwa marafiki, kwa mabinamu, kwa watoto wa ploti yetu. Na naona tunapoteza kitu kikubwa kuliko gemu moja kila wakati tunaisema.

Kwanza tuongee pesa

Mimi nacheza gemu za zamani sana, na sababu ya kwanza si mapenzi. Laptopu yangu ni ex-UK, RAM 4GB, na nikijaribu gemu ya juzi feni inalia kama matatu imebeba kupita kiasi ikipanda mlima. PS5 kwangu ni kitu cha kuangalia kwa YouTube. Lakini gemu za kati ya 1996 na 2005? Hizo zinateleza tu.

Kwa hivyo mtu kama mimi akisema "kontroli mbovu" na kufunga, hajafunga gemu moja. Amefunga karibu maktaba yote anayoweza kumudu. Wale wako na mashine mpya wanaweza kuringa, wakikataa ya zamani kuna mia zingine zinawangoja. Sisi wengine tukikosa kujifunza hizi, tunabaki na gemu za simu zinazokatizwa na matangazo kila baada ya dakika mbili. Hiyo ndio hesabu halisi, na ndio ilinifanya nitulie nijifunze.

Mbona walifanya hivyo?

Chukua Resident Evil ya kwanza, ya Capcom, 1996. Ukibonyeza mshale wa juu, mtu wako anaenda mbele kufuata vile yeye anaangalia, si vile wewe unaona kwa skrini. Kushoto na kulia hazimpeleki mahali. Zinamzungusha tu akiwa pale pale amesimama. Watu huziita kontroli za kifaru, kile cha vita, kwa sababu ndivyo kifaru kinageuka. Dakika za kwanza utagonga ukuta, utagonga meza, na zombi atakukula ukiwa bado unatafuta mlango uko upande gani.

Kabla ya kukasirika, uliza mbona. Padi ya PlayStation ya wakati huo haikuwa na analogi hata moja. Zilikuwa mishale na vitufe tu, padi zenye analogi mbili zikakuja 1997. Lakini sababu kubwa iko ndani ya gemu yenyewe. Ile nyumba ni picha zilizochorwa tayari, na kamera zimefungwa kwa kona kama CCTV ya supamaketi. Ukipita mahali fulani, kamera inaruka. Sasa hivi ulikuwa unaona mgongo wa mtu wako, sekunde inayofuata unaona uso wake.

Fikiria kontroli zingefuata skrini. Unakimbia ukibonyeza juu, kamera inageuka, na ule mshale wa juu sasa unakurudisha moja kwa moja kwa yule zombi ulikuwa unakimbia. Kontroli za kifaru zinatatua hiyo shida. Mbele inabaki mbele, hata kamera ikiruka mara kumi. Kile kilionekana ujinga ni jibu la swali ambalo wewe bado hukuwa umeuliza.

Na kuna kingine. Zombi wa hiyo gemu wanatembea polepole, korido ni nyembamba, risasi ni chache. Vyote vilipangwa vikijua kwamba kugeuka kwako kutachukua muda. Kwa hivyo kugeuka ni uamuzi: nigeuke nikimbie, ama nisimame nipige? Capcom waliitengeneza upya hiyo gemu 2002, na toleo la HD la 2015 likaongeza kontroli za kisasa, unasukuma analogi na mtu anaenda huko. Nimejaribu zote mbili. Kwa hizo za kisasa unamzunguka zombi kama unapita mtu wa karanga kwa barabara. Ni rahisi, sikatai. Lakini ule woga wa kujua adui yuko nyuma yako na bado hujamaliza kugeuka, huo unapungua kabisa.

Pua ya Jill

Hii gemu niliijua kwa macho kabla ya kuijua kwa mikono. Bro wangu mkubwa alikuwa anaicheza kwa PS1 ya mtumba, na kazi yangu mimi ilikuwa kushikilia waya wa TV ili picha isipotee. Padi sikupewa. "Utaniua," alikuwa anasema, na hapo mjadala umeisha.

Siku hizi bro yuko Doha, mwaka wa tatu, anafanya kazi ya usiku. Simu zetu za kila wiki unaweza kuzikariri: mama yuko aje, fees ya mdogo wetu imefika ngapi, nimetuma, nimepata, sawa, usiku mwema. Dakika nne na tumemaliza.

Mwaka jana nikaanza kuicheza Resident Evil mwenyewe, na nikamtumia video yangu nikigonga ukuta kama nzi kwa dirisha. Ilikuwa saa tisa usiku. Akanijibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa. "We kijana, wacha kuangalia skrini. Angalia pua ya Jill. Pua ikiangalia mlango, bonyeza juu. Basi."

Nikajaribu. Nikaacha kufikiria kushoto na kulia kwangu, nikaanza kufikiria kushoto na kulia kwa Jill. Siku ya kwanza nilikuwa nainamisha kichwa kama dereva anayejifunza kona. Siku ya pili kidogo. Siku ya nne nilipita ile korido ya mbwa nikiwa nawaza chakula, na hapo ndipo nikajua mkono umeshika.

Kile sikutarajia ni vile bro alianza kuongea. Hajagusa hiyo gemu miaka mingi, lakini anakumbuka ile nyumba kuliko vile anakumbuka nyumba yetu ya zamani. Ananiambia ukifika korido ndefu yenye madirisha usisimame kujishangaa. Ananiambia yule zombi wa hapa mwachie, risasi itakufaa mbele. Tuliongea lisaa limoja tukiwa tunazunguka nyumba moja, yeye kwa kumbukumbu, mimi kwa laptopu. Ushauri wake wote ulikuwa wa kontroli za zamani. Kama ningekuwa nacheza na analogi, "angalia pua ya Jill" ingekuwa maneno ya mzee asiyejua dunia imehamia wapi. Nilijifunza mikono yake, na tukapata kitu cha kuongea ambacho hakina shilingi ndani.

Najua si kila mtu ana bro Doha. Lakini wengi wetu tuna mtu mkubwa kidogo, bro, siz, anko, yule msee wa kibanda cha PS, ambaye utoto wake uko ndani ya gemu fulani. Ukikataa kontroli zake, umekataa kuingia huko.

Lara na miraba yake

Mfano wa pili ni Tomb Raider, 1996 pia, iliyotengenezwa na Core Design kule Derby, Uingereza. Ukiichezea kama gemu ya leo utakufa kila dakika. Lara haruki mara moja ukibonyeza, anachelewa kidogo. Ukitaka kuruka mbali lazima upate nafasi ya kukimbia kwanza.

Siri ni kwamba dunia nzima ya Lara imejengwa kwa miraba, kama daftari ya hesabu. Kila hatua yake kubwa na kila mruko wake una kipimo kinachoingia ndani ya ile miraba. Ukishika kitufe cha kutembea, anasimama mwenyewe kwa ukingo, haanguki. Ukiwa hapo, ruka nyuma mara moja. Sasa uko na nafasi kamili. Kimbia, bonyeza ruka, shikilia kitufe cha kushika, na mikono yake itapata ukingo wa ng'ambo. Ukishajua hivyo huruki tena ukiomba Mungu. Unahesabu, unajua utafika, ndio unaruka. Kuna raha fulani hapo, kama kupiga hesabu ngumu na jibu likakubali.

Februari 2024, Aspyr walitoa tena Tomb Raider tatu za kwanza zikiwa zimesafishwa, na wakaweka kontroli za kisasa kama chaguo. Wachezaji wengi walizijaribu, wakajikuta wanahangaika kwa miruko ya vipimo, wakarudi kwa zile za zamani. Huwezi kubadilisha mikono ya Lara ukaiacha miraba pale pale. Hivyo viwili vilizaliwa pamoja.

Hata ya leo iliwahi kuitwa mbovu

Hii ndio stori napenda kuwapigia wale wanasema "kontroli za kisasa ni za kawaida tu, akili inazikubali yenyewe."

Mwaka wa 2000 PlayStation ilipata gemu ya kupiga risasi inaitwa Alien Resurrection. Analogi ya kushoto unatembea, ya kulia unaangalia. Unaijua hiyo, sivyo? Ni Call of Duty. Ni karibu kila gemu ya aina hiyo unayoshika leo kwa konsoli. Basi, mhakiki wa GameSpot aliyeipitia aliandika kwamba huo mpangilio ndio kitu cha kutisha zaidi ndani ya gemu nzima, na hakuwa anasifu. Mwaka uliofuata Halo ikatoka kwa Xbox na mpangilio wa aina hiyo hiyo, watu wakaupenda, na leo mtoto wa miaka minane anaufanya bila kufikiria.

Analogi zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi waliketi nazo muda mrefu.

Kama unafikiri nadanganya, tafuta video ya Destin Sandlin wa Smarter Every Day ya 2015. Alipewa baiskeli ambayo ukigeuza usukani kushoto, gurudumu linaenda kulia. Alijua kwa akili kinachotakiwa tangu siku ya kwanza, lakini mwili ulikataa. Ilimchukua miezi 8 akifanya mazoezi kila siku. Mtoto wake mdogo alihitaji wiki mbili hivi. Kujua na kuzoea ni vitu viwili tofauti, na dakika tano hazitoshi hata kimoja.

Lakini usinielewe vibaya

Sisemi kila kitu cha zamani ni kitamu. Kuna kontroli mbovu kweli kweli. Superman ya Nintendo 64, ya 1999, kupaa kwake ni kama kuendesha mkokoteni wenye gurudumu moja, na ukiizoea hupati zawadi yoyote. Bubsy 3D ya 1996 ilitumia mtindo ule ule wa kifaru, lakini kwa gemu ya kurukaruka ambapo unahitaji kugeuka haraka. Mwaka huo huo Super Mario 64 ilionyesha dunia vile analogi moja inaweza kumfanya mtu akimbie popote. Bubsy hakuwa na kisingizio.

Sasa angalia: kifaru kwa Resident Evil kinaleta woga, kifaru kwa Bubsy kinaleta hasira. Mtindo ni mmoja. Kwa hivyo swali langu siku hizi ni hili: hizi kontroli zinaendana na dunia waliyoijenga? Kama korido, maadui na kamera vinakubaliana na mikono yako ya polepole, vumilia, kuna kitu mbele. Kama dunia inataka mbio na mikono imefungwa, funga hiyo gemu, nenda ulale.

Na kama mkono wako una maumivu ama vidole havifanyi kazi vile vya wengine, badilisha vitufe vyote upendavyo, na yeyote asikuambie kitu. Gemu iko hapo ili uicheze. Mimi naongea na wale wenye mikono mizima wanaokosa tu subira.

Vile mimi huanza

Ya kwanza, tafuta kitabu chake cha maagizo. Gemu za zamani zilikuja na kitabu ndani ya kasha, na waliotengeneza walitegemea ukisome. Nyingi hazikuwa na yule mtu wa kukushika mkono dakika ishirini za mwanzo. Vingi vimeskaniwa, viko kwa intaneti. Nusu ya "siri" za Lara ziko humo.

Ya pili, usibadilishe vitufe siku ya kwanza. Ukivigeuza viwe kama vya gemu yako ya sasa, utabeba pia matarajio ya gemu yako ya sasa. Cheza vile imekuja, halafu ukishaelewa ndio uanze kupanga upya.

Ya tatu, tumia mishale kwa gemu za kabla ya analogi. Kifaru kwa analogi kinateleza, kwa mishale kinakaa.

Ya nne, tafuta chumba kisicho na adui na uzunguke tu. Nyumba ya Lara iko kwa gemu kwa ajili ya hiyo kazi. Dakika kumi za kugonga meza bila kuliwa zinakufundisha kuliko kufa mara thelathini.

Ya mwisho, gawanya hayo masaa mawili kwa siku mbili, na ulale katikati. Mikono inajifunza hata ukiwa umelala. Nimeona mara nyingi: usiku nashindwa na mruko mmoja mpaka natukana, asubuhi napita kwa jaribio la pili kabla chai ipoe.

Hayo masaa mawili hayawezi kukugharimu kitu kikubwa. Resident Evil ya 1996 yenyewe ilirudi 2024 kupitia GOG, na mashine ya kawaida kabisa inaibeba. Chagua hiyo, ama nyingine yoyote ambayo mtu mkubwa kwenu aliwahi kuitaja macho yakimng'aa. Ukimaliza siku zako mbili na bado unaichukia, sawa, iache kwa amani. Angalau utakuwa unachukia kitu unachokijua. Na kabla uifute, mtumie huyo mtu video yako ukigonga ukuta, halafu ungoje simu.